Maniema: Linki elfu tano za kununua hazifikii linki moja ya mtu anayekujua

Tangazo linaingia kwenye simu, mara kwenye Facebook, mara kwenye kikundi cha WhatsApp. Linasema kwamba kwa dola 20 tu tovuti yako itapata linki 5.000, na kabla ya mwezi kuisha jina lako litakuwa juu kabisa kwenye Google.

Kijana wa Kindu aliyefungua ukurasa wa habari za jimbo, mama anayeuza mafuta ya mawese na kutafuta wateja wa Kisangani, shule inayotaka wazazi waione: wote wanaweza kushawishika. Lakini dola 20 si feza ndogo hapa Maniema. Na mara nyingi feza hiyo inapotea bure. Mara nyingine inaleta hasara kubwa kuliko kupotea bure, kwa sababu tovuti inaweza kushuka badala ya kupanda.

Tumeamua kueleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu haliwahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Linahusu namna dunia inavyotupata, na nani anaaminiwa anapozungumza juu yetu.

Linki ni ushuhuda

Linki ni yale maneno ya rangi ya bluu ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Gazeti la Kinshasa likiandika juu ya mchele wa Maniema na kuweka linki ya kwenda kwenye tovuti ya ushirika wa wakulima wa Kindu, ushirika huo umepata linki kutoka nje. Haikuitoa yenyewe, imepewa na mwingine.

Hapo ndipo thamani yake ilipo. Kujisifu ni rahisi. Kusifiwa na mtu ambaye hakulazimishwa ni jambo jingine.

Fikiria msafiri anayeshuka kwenye treni ya kutoka kusini, hajawahi kufika Kindu. Anauliza wapi anaweza kulala usiku huu bila kuibiwa. Watoto 30 pale stesheni wanapiga kelele jina la nyumba moja ya wageni, kwa sababu mwenye nyumba amewapa bonbon asubuhi. Pembeni yao kuna mama anayeuza chakula mahali hapo kwa miaka 20. Anasema kwa sauti ya chini: usiende huko, nenda ile ya pili baada ya soko. Msafiri mwenye akili atamfuata nani?

Watoto ni wengi, lakini wote wana bonbon moja mdomoni. Mama ni mmoja, lakini ana jina la kulinda. Kesho ataonekana tena mahali palepale, na akidanganya watu watamjua.

Kwa Waislamu wa Kindu, Kasongo na Nyangwe, mawazo haya si mageni. Hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa sababu tu watu wengi wanairudia mitaani. Wanachuoni wanauliza nani aliipokea kutoka kwa nani, na kila mmoja katika mlolongo huo alikuwa mtu wa namna gani. Msimulizi mmoja dhaifu anatosha kuitilia mashaka.

Wanafunzi wawili wa Stanford

Wazo la kuhesabu linki kama ushuhuda lilipata nguvu katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1996 wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa wanajenga mtambo wa kutafuta habari walioupa jina BackRub, jina lililotokana na linki zinazorudi kwenye ukurasa kutoka kurasa nyingine. Mwaka 1998 walichapisha maelezo ya kazi yao, na mwaka huohuo kampuni ya Google ikazaliwa.

Mitambo iliyokuwepo wakati huo iliangalia sana maneno yaliyoandikwa ndani ya ukurasa. Ukiandika neno “hoteli” mara mia, mtambo ulikuona kama mtaalamu wa hoteli. Page na Brin walichukua desturi ya wanachuo: kitabu kinachotajwa na vitabu vingine vingi kina uzito kuliko kile ambacho hakuna anayekitaja. Hesabu yao iliitwa PageRank.

Watu wengi waliishia hapo. Walisikia kwamba linki ni kura, wakadhani mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Lakini tangu siku ya kwanza hesabu ile haikuwa na usawa wa kura. Linki ya ukurasa wenye uzito ilikuwa na nguvu kuliko linki ya ukurasa mwepesi. Na ukurasa unaotoa linki nyingi ulikuwa unagawa uzito wake kati ya zote, sawa na baba anayegawa sahani moja ya ugali kwa watoto wake.

Tuchukue mfano wa namba, kwa kurahisisha. Ukurasa wa kwanza una uzito wa 1, na unatoa linki kwa tovuti 1.000. Kila tovuti inapata sehemu moja ya elfu. Ukurasa wa pili una uzito wa 100, na unatoa linki 10 tu. Kila mmoja anapata 10.

Sasa nunua linki 5.000 za aina ya kwanza. Zote kwa pamoja zinakupa 5. Linki moja tu ya aina ya pili inakupa 10. Umelipa dola zako, umepata namba ya kujivunia mbele ya marafiki, na bado uko nusu ya yule aliyepewa linki moja bila kulipa hata franka.

Duka kubwa lililoanguka kwa siku chache

Wafanyabiashara walielewa haraka kwamba linki zina thamani, na soko la linki za uongo likafunguka. Watu walijenga tovuti za bure zisizosomwa na mtu yeyote, kazi yake ikiwa ni kubeba linki tu. Wengine walitumia programu kuandika maoni chini ya makala za watu, maelfu kwa usiku mmoja, kila maoni yakiwa na linki ya dawa ao ya mchezo wa kamari. Mwaka 2005 Google na wenzake walianzisha alama inayoitwa nofollow, ambayo mwenye tovuti anaiweka kwenye linki kusema: hii imo humu, lakini mimi siitolei ushuhuda.

Wakati mwingine wingi wa linki ulitumiwa kwa mzaha wa siasa. Mwaka 2003 watu wengi walikubaliana kuweka linki zenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya “ameshindwa vibaya”, zote zikielekea kwenye ukurasa wa maisha ya Rais George W. Bush. Aliyetafuta maneno hayo kwenye Google alimkuta rais wa Marekani juu kabisa. Baadaye, mwaka 2007, Google ilibadilisha hesabu yake ili kuzuia mchezo huo.

Kisa kilichojulikana zaidi ni cha JCPenney, duka kubwa la Marekani. Mwezi wa pili mwaka 2011 gazeti la The New York Times lilieleza kwamba katika msimu wa sikukuu duka hilo lilikuwa linatokea la kwanza kwenye Google kwa maneno mengi, kuanzia nguo mpaka mashuka. Uchunguzi ulionyesha maelfu ya linki kutoka kurasa ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na nguo wala mashuka, nyingine zikiwa zimeachwa bila mwenyewe.

Google ilipoambiwa, ilichukua hatua. Kwa wale waliotafuta masanduku ya safari ya Samsonite, duka lilikuwa la kwanza. Saa chache baadaye lilikuwa la 71. Wenye duka walikana kwamba waliagiza linki hizo, na wakaachana na kampuni iliyokuwa inashughulikia kazi hiyo kwa niaba yao.

Duka la ukubwa ule lina wanasheria na feza, na watu wanalijua hata bila Google. Linaweza kuanguka na kuamka. Je, mfanyabiashara mdogo wa Kasuku ao wa Alunguli, ambaye tovuti yake ndiyo mlango wake mmoja wa kwenda nje ya jimbo, atainuka namna gani?

Adhabu, kisha kupuuzwa

Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyojulikana kwa jina la Penguin. Yalilenga moja kwa moja tovuti zilizojipandisha kwa linki za ujanja. Google yenyewe ilisema yaligusa karibu asilimia 3,1 ya maswali yaliyoulizwa kwa Kiingereza. Tovuti nyingi zilizokuwa na mapato mazuri siku moja kabla zilijikuta hazionekani.

Mwezi wa tisa mwaka 2016 Penguin iliingizwa ndani ya hesabu ya kawaida ya Google na kuanza kufanya kazi wakati wote. Tangu hapo, mara nyingi linki mbaya haiadhibiwi. Inapuuzwa tu, kama kwamba haipo. Adhabu ya mkono wa mtu bado ipo kwa wale waliozidisha.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mtu anayenunua linki leo. Zamani angeweza angalau kuona matokeo kwa miezi michache kabla ya kuanguka. Leo anaweza kulipa, kuhesabu linki zake 5.000, na asione kitu chochote, si kupanda wala kushuka. Muuzaji ameishakula feza yake, na hakuna mahali pa kumshitaki.

Tuseme pia jambo ambalo wauzaji hawasemi: linki si kila kitu. Google inaangalia maneno ya ukurasa, lugha, mahali mtafutaji alipo, wepesi wa ukurasa kufunguka, na mambo mengine mengi. Mwaka 2023 mfanyakazi wake mmoja, Gary Illyes, alisema hadharani kwamba linki ni muhimu lakini watu wanazikuza kupita kiasi, na kwamba yeye haziweki tena kati ya mambo matatu ya kwanza.

Obokote inaonekanaje kutoka mbali?

Tulete sasa maneno haya nyumbani. Obokote ni sekta ya wilaya ya Lubutu, kaskazini ya jimbo la Maniema, mbali na Kindu, mji mkuu wa jimbo. Ni upande wa Wakumu, upande wa msitu, na wilaya yake inapitiwa na barabara ya Kisangani kwenda Bukavu. Wakaaji wake wanajua bei ya mchele na mafuta, wanajua daraja gani limevunjika, wanajua siku za soko na majina ya vijito.

Mtu aliye Bruxelles, Nairobi ao hata Kinshasa akiandika jina hilo kwenye simu yake, anaweza kukutana na kurasa za aina mbili.

Aina ya kwanza ni kurasa zilizotengenezwa na mashine kwa wingi. Mswidi mmoja, Sverker Johansson, alitengeneza programu iitwayo Lsjbot ambayo iliandika mamilioni ya makala za Wikipedia, nyingi zikiwa juu ya vijiji, milima na mito ya dunia nzima, kwa kuchukua namba kutoka hazina za data. Ndiyo maana Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6. Makala za namna hiyo zinaweza kukuambia urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari na mvua ya wastani. Haziwezi kukuambia siku ya soko, wala kama pirogi inavuka leo.

Aina ya pili ni kurasa za mashirika makubwa na magazeti ya nje. Mengi ambayo dunia iliandika juu ya Lubutu yanahusu Tingi-Tingi, kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya mwisho wa mwaka 1996 na mwanzo wa 1997. Ni historia ya kweli na ya uchungu, na haifai kusahauliwa. Lakini kurasa hizo zina uzito kwa sababu Umoja wa Mataifa, magazeti na vyuo vikuu vimezitaja na kuziwekea linki kwa zaidi ya miaka 20. Mkulima wa Obokote hana chuo kikuu kinachomtaja.

Hapa ndipo tunaona kwamba hata ubora wa linki una upande wake wa dhuluma. Hesabu inawaamini wale ambao wameishaaminiwa. Mwenye jina anaongezewa jina. Tovuti ndogo ya Kindu inaweza kuwa ya kwanza kuandika habari, kisha tovuti kubwa ikaichukua, ikabadilisha maneno machache, na isiweke linki ya kuonyesha ilikoitoa. Anayetafuta ataipata ile kubwa. Aliyetembea kwa pikipiki siku mbili kuitafuta habari hataonekana.

Ni kwa sababu hiyo watu wanajaribu njia ya mkato. Tunaelewa. Lakini linki 5.000 za kununua haziondoi dhuluma hiyo. Zinampa yule mkubwa sababu moja zaidi ya kusema kwamba sisi si wa kuaminiwa.

Namna ya kupima linki

Mchimbaji wa dhahabu wa Maniema hawezi kubadilisha gramu moja kwa gunia la mchanga, hata gunia likiwa zito namna gani. Linki nayo inapimwa. Haya ndiyo maswali ya kujiuliza kabla ya kufurahia.

Je, ukurasa unaokutaja unazungumza juu ya jambo lako? Linki ya tovuti ya kilimo kwenda kwa muuzaji wa mchele ina maana. Linki ya tovuti ya kamari ya Asia kwenda kwa muuzaji huyohuyo haina maana, na mtambo wa kutafuta unaliona hilo.

Je, ukurasa huo una wasomaji? Kuna kurasa ambazo tangu zitengenezwe hazijafunguliwa na mtu mwenye macho.

Je, linki iko ndani ya sentensi inayoeleza kitu, ao imetupwa chini kabisa kati ya majina mengine 300?

Je, aliyeiweka aliiweka kwa hiari? Linki ya kulipiwa inatakiwa kuwekewa alama ya tangazo. Google ilileta alama ya linki za udhamini mwaka 2019. Anayeuza linki bila alama hiyo anakuuzia kitu kilichokatazwa.

Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: je, kuna mtu mmoja tu atakayeibonyeza linki hii, afike kwako, na ashukuru kwamba amefika? Kama yupo, linki hiyo ni nzuri hata Google ikifungwa kesho. Kama hayupo, hata ziwe elfu tano, umenunua kelele. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Wingi nao una kazi yake

Tusidanganyane: wingi si adui. Tovuti inayotajwa na watu wengi wa kweli itaishinda ile inayotajwa na mmoja wa kweli. Mashahidi watatu waaminifu wanazidi shahidi mmoja mwaminifu.

Lakini lazima kujua wingi wa nini. Tovuti moja ikikuwekea linki 200 kwenye kurasa zake zote, huyo bado ni mtu mmoja anayerudia jina lako mara 200. Tovuti kumi tofauti, kila moja na linki yake, ni watu kumi. Kwa hiyo anayekuambia una linki ngapi, muulize zimetoka kwenye tovuti ngapi, na tovuti hizo ni za nani.

Jambo lingine linawachanganya watu wengi wa kwetu. Habari yako inaweza kupita katika vikundi 100 vya WhatsApp, kutoka Kindu mpaka Uvira, na Google isijue hata kidogo. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa. Mtambo wa kutafuta hauingii humo. Linki za Facebook nazo kwa kawaida zina alama ya kutotoa ushuhuda. Hii haina maana kwamba ni kazi bure. Watu wanasoma, wanakujua, na kesho mmoja wao mwenye tovuti ao redio atakutaja. Lakini usihesabu kushirikishwa kama linki. Ni mbegu, si mavuno.

Tufanye nini sasa?

Methali inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti hiyo ni kweli nusu. Chema hakijiuzi kama hakuna anayekiona. Lakini yako mambo ambayo tovuti ndogo ya Maniema inaweza kufanya bila kutoa dola 20.

La kwanza, andika kile ambacho wewe peke yako unakijua. Dunia haihitaji tovuti nyingine ya kunakili habari za Kinshasa. Inahitaji bei za soko za wiki hii, hali ya barabara ya Punia na ya Lubutu, tarehe za mitihani, historia za vijiji, maneno ya Kikumu, Kirega na Kikusu. Mwandishi wa habari, mwanafunzi ao shirika likihitaji jambo hilo, litakutaja kwa sababu halina pengine pa kwenda. Linki ya namna hiyo haiombwi, inakuja yenyewe.

La pili, andika kwa maneno, si kwa picha. Kwetu matangazo mengi ya serikali, ya shule na ya vyama yanapigwa picha na kutumwa kama picha ya karatasi yenye muhuri. Mtu anaisoma, lakini mtambo wa kutafuta unapata shida kuielewa, na hakuna sentensi ambayo mwingine anaweza kuichukua na kuitaja. Andika upya maneno ya tangazo kwenye ukurasa, kisha weka picha chini yake kama uthibitisho.

La tatu, omba wale wanaokujua. Kama unauza mchele kwa shule, shule ina ukurasa. Kama umefundishwa na Chuo Kikuu cha Kindu, kama parokia ao msikiti wako una tovuti, kama redio ya mtaa imekuhoji, waombe waweke linki mahali inapofaa. Hii si udanganyifu, kwa sababu uhusiano huo ni wa kweli. Redio Okapi, iliyoanza mwaka 2002 na inayotangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kikongo, inasomwa nchi nzima na nje yake. Kutajwa mara moja katika habari ya kweli kwenye tovuti ya namna hiyo ni jambo kubwa kuliko vifurushi vyote vya wauzaji.

La nne, fanya ukurasa uwe mwepesi. Msomaji wa Lubutu ana simu ndogo na mega za kuhesabu. Ukurasa mzito unamfukuza, na mtu aliyefukuzwa hakutaji.

La tano, angalia wewe mwenyewe. Google ina chombo cha bure kiitwacho Search Console. Kinaonyesha nani ameweka linki kwako, na watu wametafuta maneno gani kabla ya kufika. Ukikuta linki za ajabu ambazo hukuziomba, usiogope. Mara nyingi zinapuuzwa. Kipo chombo cha kuzikana, kilicholetwa mwaka 2012, lakini ni kwa wale waliopata adhabu ao waliowahi kununua linki nyingi na sasa wanataka kutubu.

Jihadhari pia na biashara ya nipe nikupe. Tovuti mbili zinazofanya kazi pamoja zikitajana hakuna ubaya. Tovuti 50 zikikubaliana kutajana bila sababu, hiyo ni bonbon ileile ya watoto wa stesheni.

Kutaja ni heshima

Kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwetu sisi wenyewe tunaoandika mashariki ya Kongo. Tunalalamika kwamba wakubwa wanachukua habari zetu bila kutuwekea linki. Lakini sisi kwa sisi tunafanya nini? Ukurasa wa Bukavu unachukua habari ya Kindu na kuandika “duru za huko”. Ukurasa wa Kindu unachukua habari ya Lubutu na kuandika “inasemekana”. Aliyekuwa mahali, aliyeona kwa macho, hana jina.

Kama kila tovuti ya Goma, Bukavu, Kindu, Kisangani na Kalemie ingekuwa na desturi ya kuweka linki moja ya kweli kwa yule aliyeandika kwanza, hesabu ya Google ingebadilika bila mtu kutoa senti. Polepole mtambo ungejifunza kwamba juu ya mambo ya Maniema watu wa Maniema wanaaminiwa na majirani zao. Na majirani ndio wanaotujua.

Hayo hayahitaji mtaalamu wala kadi ya benki. Yanahitaji dakika moja na adabu kidogo. Siku utakapoandika juu ya daraja la Obokote, usiseme “inasemekana”. Sema nani alilifikia, na uweke linki ya kwenda kwake.